Kituo cha Saba

Kreni ile ilikuwa na ngazi ya vidato mia mbili na kumi na mbili, na dereva wake alivijua vyote kwa miguu. Kila baada ya vidato thelathini kulikuwa na kituo, yaani kijukwaa cha chuma cha kumtosha mtu mmoja asimame avute pumzi. Vituo vilikuwa saba. Madereva wengine wangevitumia kupumzikia tu. Yeye alivitumia kuombea.

Tusidanganyane, haikuanza kwa utakatifu. Ilianza kwa woga. Siku yake ya kwanza kupanda kreni, miaka kumi na minne nyuma, miguu ilimgomea kwenye kituo cha pili, akakumbatia chuma, akasema, "Mungu wangu, nifikishe." Basi, hakuwa na sala nyingine. Akafika. Kesho yake akaona si adabu kupita pale kimya kama mtu asiyejua fadhila, akasimama tena akasema asante. Keshokutwa akamwongeza mke wake. Miaka ikaenda, kreni zikabadilika, lakini desturi ikabaki: kituo cha kwanza ni cha mke wake, viwili vinavyofuata ni vya binti zake, cha nne ni cha mama yake mzazi, cha tano ni cha mafundi wote walioko chini. Cha sita kilikuwa cha shemeji yake. Cha saba, vidato viwili tu kabla ya kibanda cha dereva, kilikuwa chake mwenyewe.

Hapo cha saba ndipo palikuwa na mazungumzo hasa. Alimweleza Mungu habari za mgongo wake, za binti mdogo aliyekuwa na kichwa kigumu, za msimamizi wa ujenzi ambaye hakujua kusema bila kufoka. Siku nyingine alilalamika waziwazi. Siku nyingine hakusema kitu, alisimama tu na upepo ukimpiga, na akaingia kibandani akiwa mwepesi. Kanisani mtu huyuhuyu akiitwa kuomba mbele za watu alikuwa anatia huruma. Alibabaika, akarudia jina la Bwana mara tisa katika sentensi moja, na wanakwaya wakainamisha vichwa wasionekane wanacheka. Hakujali. Alijua ana mahali pake.

Mafundi walimpa jina la Mzee wa Juu. Kila asubuhi alipokuwa anavaa mkanda wake wa usalama, hakukosa mmoja wa kumtania: "Mzee wa Juu, msalimie jirani yako!" Naye hujibu, "Salamu zitafika." Huo ulikuwa utani wao na haukuchuja.

Kisha jicho la kushoto likaanza kumwacha.

Lilianza na ukungu pembeni, kama kioo kilichopumuliwa. Baada ya miezi michache likawa linaona mwanga tu. La kulia lilikuwa zima, kwa hiyo mtu angeweza kusema, si bado analo moja? Lakini anayeona kwa jicho moja anaona vitu, haoni umbali. Anaona ndoano na anaona mzigo, ila hajui vizuri kama kati yake na ukuta kuna hatua moja au nne. Fundi viatu angeweza kuishi hivyo na asiwasumbue watu. Kwa dereva wa kreni, umbali ndiyo kazi yenyewe.

Alijua anatakiwa kusema. Alijua pia kwamba siku atakayosema ndiyo siku atakayomwaga unga, akiwa na miaka hamsini na mbili na hana ujuzi mwingine duniani. Akapiga kimya. Ulipofika wakati wa kupimwa afya, kama wanavyopimwa madereva wote kila baada ya miaka miwili, alifanya jambo ambalo hata leo likimjia akilini anajipangusa uso. Ubao wa herufi wa kupimia macho ulining'inia ukumbini kwenye kituo cha afya walikopimiwa, mbele ya benchi la kungojea. Alikwenda siku mbili kabla, akajifanya ana kikohozi, akakaa pale benchini akaukariri ubao wote kwa jicho zima, mstari kwa mstari, kama mtoto anayekariri shairi la sikukuu ya shule. Siku yenyewe, muuguzi alipomziba jicho la kulia, yeye akaimba mpaka mstari wa chini kabisa.

"Mzee, una macho ya kijana," muuguzi akasema.

Kesho yake asubuhi, kituo cha saba, Mzee wa Juu alivua kofia akamshukuru Mungu kwa kumvusha. Ndivyo alivyosema, "kunivusha." Alikuwa ameiba, na sasa alikuwa anamletea Mungu fungu lake.

Maneno yale yalimkwama. Aliyasema yote mpaka mwisho lakini yalibaki kinywani na ladha mbaya. Kesho yake alipofika kituo cha saba alikuta hana la kusema. Keshokutwa alisimama kidogo tu. Baada ya wiki moja hakusimama kabisa. Alikipita kile kijukwaa haraka haraka, kama mtu anayepita mlango wa jirani waliyegombana naye. Alijiambia kwamba amechelewa, kwamba upepo ni mkali, kwamba Mungu anaelewa. Mwaka ukakatika na miezi sita juu yake. Aliendelea kuwaombea wengine huko chini kwenye vituo vyao, na akawa anajiuliza mbona Mungu amekuwa mbali hivi, kana kwamba ni Mungu aliyehama.

Shemeji yake, yule wa kituo cha sita, alikuwa mdogo wa mwisho wa mke wake. Alikuja kuishi kwao akiwa bado na kaptula za shule, akala mezani kwao, akakua, na dereva mwenyewe akamtafutia kazi. Walimwita Mluzi kwa sababu kabla ya kupewa redio alikuwa anatoa ishara kwa kupiga mluzi wa vidole viwili uliosikika mtaa wa pili. Sasa alikuwa mpiga ishara wa kreni: anasimama chini penye mzigo, anaongea na dereva kwa redio, anamwambia inua, zungusha, shusha, simama. Ni kazi ya kuaminiana. Mmoja ana mashine na mwingine ana mdomo, na katikati yao kuna tani kadhaa zinaning'inia.

Wiki moja kabla ya siku tunayoielekea, fungu la nondo lilimpita dereva kipimo. Mluzi alisema "simama" kwa wakati wake, dereva akasimamisha akidhani bado kuna nafasi, na nondo zikagonga jukwaa la mafundi. Mmoja aliruka, akachubuka magoti. Msimamizi alipokuja mbio akifoka, kabla dereva hajashuka, Mluzi alikuwa ameshasema kosa ni lake, amechelewa kutoa ishara. Akapewa barua ya onyo. Barua ya pili ni kwenda nyumbani.

"Kwa nini ulisema vile?" dereva alimuuliza jioni wakikunja mikanda.

"Shemeji, wewe huwezi kukosea vile," Mluzi akajibu. "Lazima mimi ndiye nilichelewa. Sikujiona tu."

Aliamini hivyo kwa moyo wake wote, na hilo ndilo lililomchoma dereva. Angeweza kusema palepale. Akamaliza kukunja mkanda, akaaga. Tangu kesho yake akawa anakipita na kituo cha sita bila kusimama, maana unamwombeaje mtu uliyembebesha mzigo wako? Sala yake ikawa inaishia kituo cha tano.

Mke wake hakuwa mjinga. Asubuhi ya siku yenyewe alikuwa amekaa mbele yake mezani, anamtazama akimimina chai. Chai ilipita kando ya kikombe, ikaingia kwenye kitambaa.

"Hicho kitambaa umekinywesha vya kutosha wiki hii," mke akasema. "Sasa jaribu na kikombe."

Dereva akacheka kidogo, akafuta. Mke hakucheka.

"Ni jicho, si ndiyo?"

Dereva akaendelea kufuta kitambaa.

"Kila siku uko huko juu unaongea na Mungu. Hili umemwambia?"

"Mama watoto, Mungu anajua kila kitu."

"Kwamba anajua, najua. Nimeuliza umemwambia?"

Aliinuka akachukua kofia yake. Akaenda zake.

Asubuhi hiyo kulikuwa na kazi isiyopenda mzaha. Walikuwa wanashusha ngazi za zege ndani ya jengo, ngazi nzima zilizomwagwa kiwandani, kila moja tani tatu. Inanyanyuliwa kutoka kwenye lori, inazungushwa juu ya jengo, kisha inateremshwa kwenye shimo jembamba lenye kuta nne, na mafundi wawili wako chini ya shimo wanaingojea waikalishe mahali pake. Kati ya ngazi na ukuta hapabaki nafasi ya kupitisha mkono. Mluzi alisimama kwenye ukingo wa shimo na redio yake. Msimamizi alikuwa ghorofa ya chini na redio ya kwake, anasikia kila neno.

Dereva alipanda. Aliombea wa kwanza mpaka wa tano. Cha sita akapita. Cha saba akapita. Akaingia kibandani, akakaa, akatikisa usukani wa kushoto na wa kulia kuona kama zinaitika.

"Jirani hajambo?" Mluzi akauliza redioni.

"Hajambo," dereva akasema.

Ngazi ilipanda vizuri. Ilizunguka vizuri. Jua lilikuwa limeingia mbele ya kioo cha kibanda, na alipofika juu ya shimo, ukingo wa shimo na ubavu wa ngazi vikawa rangi moja, kijivu juu ya kijivu.

"Shusha," Mluzi akasema. "Taratibu. Vizuri. Shusha. Mita nne. Upepo unaileta kwako kidogo, irudishe... irudishe, shemeji. Simama! Simama, unagusa!"

Alivuta breki. Alisikia mlio kupitia redio, zege likisaga zege. Kona ya ngazi ilikuwa imeparuza ukuta, na vipande vilikuwa vinaanguka shimoni. Mtu mmoja kule chini alipiga ukelele. Kisha sauti yake ikasikika ikitukana, na kwa mara ya kwanza maishani dereva alifurahi kusikia matusi, kwa sababu anayetukana yu hai.

Ngazi ilining'inia nusu ndani nusu nje, ikiyumba. Chini yake wanaume wawili walikuwa wamejibana kwenye kona, hawana pa kwenda mpaka wapande ile ngazi ndogo ya mbao iliyokuwa upande wa pili wa shimo, chini ya mzigo wenyewe.

Halafu Mluzi akasema, mbele ya redio zote, "Kosa langu. Nimechelewa tena. Samahani."

"Wewe Mluzi!" Sauti ya msimamizi ilijaza kibanda. "Hii ya pili! Ukimaliza hapo njoo ofisini kwangu. Dereva, mzigo hauwezi kulala hapo. Shusha!"

Dereva hakushusha. Alitazama chini. Aliona ngazi, aliona shimo, aliona kofia ya njano ya Mluzi, na hakujua hata kimoja kiko mbali na kingine kiasi gani. Akishusha, huenda ikaingia sawasawa. Huenda pia isiingie. Na kama akikaa kimya tu akawasikiliza, watamrudisha Mluzi nyumbani na yeye ataendelea kupanda kesho, na keshokutwa, akiishia kituo cha tano.

Aliondoa mkono kwenye redio. Aliweka mikono yote miwili magotini.

"Baba," akasema, na sauti ilikuwa ngeni masikioni mwake. "Sioni."

Upepo ulipiga kioo. Redio iliita, "Dereva, vipi?" Hakuigusa.

"Sioni, Baba. La kushoto limekufa. Ule ubao niliukariri. Nikaja hapa nikakushukuru, nikakufanya mwenzangu katika uongo. Kijana wa watu amebeba barua yangu na leo anabeba nyingine. Ninaogopa. Ninaogopa kushuka humu nikawa mtu wa bure, nikakaa nyumbani nikatazamwa. Nimekukwepa kwa sababu nilijua ukinisikiliza utaniuliza hili."

Ni hayo tu. Hakukuwa na sauti iliyojibu, na mwenye kutaka muujiza wa mwanga kibandani atanisamehe, haukuwepo. Ila alipomaliza alikaa sekunde kadhaa akashangaa kwamba amemaliza. Lile jambo alilolizunguka mwaka na nusu lilikuwa limetoka kinywani kwa maneno machache. Kibanda kile kilikuwa kimejaa yeye peke yake kwa muda mrefu. Sasa alijua hayuko peke yake mle, alijua kama unavyojua gizani kwamba mtu ameingia chumbani, na machozi yakamtoka kwenye macho yote mawili, zima na bovu.

"Dereva!" msimamizi alikuwa anafoka. "Umelala? Shusha!"

Alinyoosha mkono akabonyeza kitufe cha redio.

"Toeni watu shimoni," akasema. "Wote wawili. Nimefunga breki, sigusi kitu mpaka watoke. Mimi sioni."

"Huoni nini?"

"Sioni umbali. Jicho langu la kushoto halifanyi kazi, muda mrefu sasa. Niliwadanganya kwenye vipimo. Ile ya wiki iliyopita haikuwa ya Mluzi, na hii siyo yake. Zote mbili ni zangu."

Eneo zima lile, lenye mashine za kuchanganya zege na nyundo na wapiga kelele wa kila namna, lilikuwa na redio sita, na hakuna hata moja iliyotoa neno. Aliona kofia ya njano ikisimama palepale. Akafikiri, sasa ananichukia, na ana haki.

Kisha Mluzi akasema, polepole, "Nakusikia, shemeji. Mafundi wanatoka. Wa kwanza yuko kwenye ngazi ya mbao. Usiguse kitu."

"Sigusi."

"Ametoka. Wa pili huyu. Goti linamsumbua... Ametoka. Shimo ni tupu."

"Nihesabie," dereva akasema. "Usiniachie nikisie. Kila kitu nihesabie."

Basi wakaitoa. Mluzi alihesabu kwa mita, kisha kwa nusu mita, kisha kwa viganja vya mkono. Inua kiganja. Kiganja kingine. Simama, itulie. Inua. Kona imetoka. Zungusha kushoto, uwanja wote ni mweupe, nimewafukuza watu hadi getini. Dereva aliifuata ile sauti kwa utii ambao hakuwahi kuwa nao siku alizokuwa na macho mawili. Msimamizi hakuingilia hata mara moja. Ilichukua dakika ishirini na tano kazi ya dakika nne, na jasho lilimpenya mpaka kwenye soksi.

"Viganja viwili," Mluzi akasema. "Kimoja. Imekaa."

Dereva alizima mashine.

Alipotoka kibandani alishuka vidato viwili, akasimama kwenye kituo cha saba. Hakuwahi kuomba wakati wa kushuka. Alishika chuma, akasema, "Nimerudi." Kituo cha sita alimwombea Mluzi, kwa jina lake la nyumbani, sala ndefu kuliko zote. Waliokuwa chini walimwona kasimama na wakadhani amepatwa na kizunguzungu.

Msimamizi alikuwa anamngoja chini ya ngazi, ameandaa mdomo mzima wa maneno. Alimtazama usoni, yakampotea.

"Unajua ungeua watu?"

"Najua."

"Mwaka mzima?"

"Na nusu."

"Lete funguo."

Akampa. Mafundi walisimama mbali, na yule aliyetukana shimoni alikuwa kati yao, vumbi la zege kichwani, anamtazama tu. Hakuna aliyemtania. Mluzi alimfuata mpaka penye bomba la maji, akamsubiri anawe.

"Ungeniambia mimi, shemeji," akasema. Sauti yake ilikuwa na hasira, na ilikuwa hasira ya haki. "Mimi nisingekusema."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Mluzi alipiga teke jiwe. Kisha akauliza, "Ulinyamaza muda mrefu kule juu. Niliita mara nne. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naongea."

"Na jirani yako?"

"Naye."

Mluzi akatikisa kichwa, akamshika mkono akamvusha penye mbao zenye misumari, ingawa zile mbao dereva alikuwa anaziona vizuri kabisa.

Kazi ile haikurudi. Daktari wa macho alimpa matone ya kulilinda jicho la kulia, na kuhusu la kushoto akasema pole. Barua ya Mluzi ilichanwa. Ya dereva iliandikwa siku hiyohiyo, fupi, yenye mhuri. Aliileta nyumbani akaiweka mezani, na mke wake akaisoma amesimama, akaikunja, akaiweka chini ya bakuli la sukari kama karatasi ya kawaida. Akamsogezea birika. Dereva aliingiza kidole ndani ya kikombe, ukingoni, akamimina mpaka chai ilipomgusa.

"Umeungua," mke akasema.

"Kidogo. Lakini kitambaa ni kikavu."

Mke alikaa. "Kwa hiyo umemwambia."

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

Dereva alifikiri. Hakutaka kuongeza chumvi, hasa leo.

"Hakusema kitu. Ila nilipomaliza, sikuweza tena kukaa bila kubonyeza kile kitufe cha redio."

Kesho yake aliamka saa ileile ya siku zote, kwa mazoea, akavaa shati la kazi kabla hajakumbuka. Hakukuwa na ngazi ya kupanda. Alikaa ukingoni mwa kitanda, miguu imekanyaga sakafu, mke wake nyuma yake akijifanya amelala. Akafumba macho yote mawili, akaanzia kituo cha saba.